Ndugu Apolonia Kapinga na Bakteria Namba Kumi na Saba

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Apolonia Kapinga, Fundi Mwandamizi wa Maabara, anastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka ishirini na minne na nusu katika Kituo chetu cha Samaki wa Mabwawa, Mlalakuwa. Wengi wenu mnaosoma jarida hili mlimkuta. Mkurugenzi mwenyewe alimkuta. Hata ua wa michongoma ulioko langoni ulipandwa yeye akiwapo, na inasemekana alimkosoa aliyeupanda.

Mwandishi wa wasifu huu alifundishwa kazi naye tangu mwaka 1969, kwa hiyo msitegemee kuwa sitampendelea. Nitampendelea, ila sitaongeza chumvi. Yeye mwenyewe atausoma, na kalamu yake nyekundu bado hajaikabidhi stoo.

Ndugu Apolonia alizaliwa mwaka 1929 katika milima ya Umatengo, Mbinga, akiwa binti wa katekista. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Akaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu shule iliyofuata ya wasichana ilikuwa mwendo wa siku tatu kwa miguu, na nyumbani hakukuwa na wa kumsindikiza. Akaolewa na Fransis Kapinga, wakahamia Dar es Salaam mwaka 1953. Fransis akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Wakapanga chumba Temeke, baadaye wakajenga Mwananyamala, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Tarehe 4 Januari 1960 aliajiriwa hapa kuwa mwosha vyombo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: visahani vya kioo vinaletwa vichafu, vinarudishwa visafi. Kwenye visahani hivyo wataalamu walikuwa wakiotesha bakteria waliotolewa kwenye ngozi, mashavu na matumbo ya perege wa mabwawa, juu ya rojo lililogandishwa kwa mwani. Mwosha vyombo alitakiwa kuvichemsha, kuvisugua na kutoviuliza maswali.

Yeye kabla ya kuosha alitazama. Akaona kwamba rojo likichanganywa na maziwa huwa jeupe kama tui la nazi, lakini bakteria wengine wakiota juu yake hujizungushia duara safi, linalopitisha mwanga. Weupe umekwenda wapi? Hakumuuliza mtu. Alikaa na swali lake mpaka siku alipokuwa akipika nyama ngumu nyumbani, akaipaka utomvu wa papai bichi kama wapishi wote wa pwani wanavyofanya, akaiona inalainika. Basi akaelewa: wale bakteria nao wana papai lao. Kitaalamu papai hilo huitwa kimeng'enya, kitu kinachotolewa na kiumbe hai ili kuvunjavunja chakula. Sie wengine tulilifahamu jambo hilo kwa kulikariri ubaoni. Yeye alilifahamu kwenye sufuria.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 fundi wa Kiingereza akaenda likizo kwao, akapaona pazuri huko, hakurudi. Mwaka uliofuata akaletwa Dk. Adelard Rwechungura, kijana wa Bukoba aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo, ambaye leo ndiye Mkurugenzi wetu. Alifika na masanduku mawili ya vitabu na suruali zilizopigwa pasi kama visu. Kwa wiki mbili akaotesha bakteria, na kwa wiki mbili hakuota hata mmoja. Alibadilisha rojo, akabadilisha samaki, akaanza kulishuku hata bwawa.

Siku ya kumi na tano Ndugu Apolonia akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Daktari, samahani."

"Bila samahani, mama."

"Hilo rojo unalimwaga la moto. Hao wadudu wanaungua."

Daktari akaweka chupa chini. "Umejuaje?"

"Yule Mzungu alikuwa akiigusisha chupa shavuni kwanza. Ikimchoma, anangoja. Isipomchoma, anamwaga."

Dk. Adelard akaigusisha chupa shavuni. Wanaokumbuka wanasema alama ilidumu siku nne. Akangoja, akamwaga, na kesho yake asubuhi visahani vyote vilikuwa vimechipua kama uwanja baada ya mvua. Siku hiyo hiyo aliandika barua wizarani kuomba mwosha vyombo wake apandishwe kuwa msaidizi wa maabara. Jibu likaja kwamba hana cheti. Akaandika tena, jibu likawa lile lile. Barua ya tatu ilikuwa na sentensi moja: kwamba kama wizara inaona vema, cheti kifundishwe kuotesha bakteria, yeye atabaki na mama huyu. Mwaka 1966 Ndugu Apolonia alivaa koti jeupe. Lilikuwa la mtu mrefu. Alilikunja mikono mara mbili, na mpaka leo analikunja hivyo hivyo, ingawa koti limebadilishwa mara tano.

Baada ya Azimio la Arusha tuliambiwa tujitegemee, na maabara yetu ilijitegemea kabla hata ya kuelewa maana yake, kwa kuwa bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kuadimika. Unga wa supu wa kulishia bakteria ulipokosekana, Ndugu Apolonia alitafuta vipande vya nyama kwenye kiwanda cha nyama cha Kawe akavichemsha mwenyewe. Wanga ulipokosekana, alitwanga muhogo. Kila bakteria alipandwa juu ya rojo la muhogo, kisha tukalimwagia iodini ile ile ya kupaka vidonda. Penye wanga panageuka buluu iliyokolea, na pale bakteria alipoumeng'enya wanga panabaki peupe. Mtoto wa chekechea angeweza kuyasoma majibu yale.

Supu hiyo ina kisa chake. Mwaka 1970 alikuja mgeni kutoka wizarani, akakuta sufuria inachemka jikoni kwetu, akajikaribisha kikombe kizima. Akasifu sana, ila akasema imepungua chumvi.

"Tutaongeza, Ndugu," Ndugu Apolonia akamjibu bila kucheka, "lakini waliokusudiwa hawapendi chumvi nyingi."

"Ni akina nani hao?"

"Bakteria."

Ripoti ya mgeni yule ilikuwa nzuri ajabu, nasi hatukuwahi kufahamu kama ni kwa sababu ya supu au kwa sababu ya kuona haya.

Hayakuwa yote kicheko. Mwaka 1971 mzee Fransis aliugua ghafla, akafariki. Ndugu Apolonia alirudi kazini siku ya nane akiwa na kitambaa cheusi. Dk. Adelard alimwambia apumzike hata mwezi. Alijibu kwamba nyumbani kila kiti kina mtu ambaye hayupo, lakini huku wadudu wake wanamngojea kula. Tulimsogezea kiti chake dirishani, akaendelea.

Kufikia mwaka 1973 yeye na Daktari walikuwa wamekusanya bakteria arobaini wa perege wa kufugwa, kila mmoja na namba yake na ukurasa wake daftarini. Aliyewashinda wote alikuwa namba kumi na saba, aliyetoka kwenye utumbo wa perege mnene wa bwawa letu la nyuma. Namba kumi na saba alivunja maziwa, akavunja wanga, akavunja hata mafuta. Tulipoloweka pumba pamoja naye siku moja kabla ya kulisha, vifaranga vya samaki vilikua upesi kuliko vile vilivyolishwa pumba kavu. Ndugu Apolonia alimpenda namba kumi na saba waziwazi, kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi ambaye hapaswi kuonyesha kuwa anampenda.

Bakteria huyo alikuwa na jambo jingine. Kwenye rojo fulani alitoa rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano, na ukiliweka rojo hilo chini ya ile taa yetu ya zambarau, rangi iliwaka kama macho ya paka. Daktari akaeleza kwamba hiyo ni dawa ya kunasia madini ya chuma. Kila kiumbe anahitaji chuma kidogo ili aishi, hata bakteria. Kikiwa haba, bakteria hodari hutoa vijikulabu vya kukivuta kwake, na wenzake wasio na kulabu nzuri hubaki na njaa. Wataalamu huviita sidirofori. Maabara nzima ikaviita kulabu.

Mwaka 1975 mtambo wetu wa kutonesha maji safi uliharibika, na spea haikupatikana. Ndugu Apolonia akakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Ghafla namba kumi na saba akaacha kuwaka. Aliota vizuri, alikula vizuri, ila hakutoa rangi. Sie tukasema amezeeka, kwamba bakteria akioteshwa miaka miwili hupoteza tabia zake. Daktari naye akakubali. Ndugu Apolonia peke yake hakukubali. Alitoka nje, akasimama uani akitazama paa kwa muda mrefu, kisha akaingia na kuandika daftarini neno moja na alama ya kuuliza: "Bati?"

Paa letu lilikuwa limeshika kutu, na kutu ni chuma. Namba kumi na saba hakuwa amezeeka, alikuwa ameshiba. Mtu hatupi ndoana mtoni wakati samaki wamejaa karaini kwake. Tulipokinga maji kwenye turubai badala ya paa, kulabu zikarudi, zikawaka. Tukafurahi, tukalifunga daftari, tukasahau. Yeye hakusahau.

Sasa nifike kwenye mwaka 1976, ambao ndio sababu ya mimi kuomba niandike wasifu huu kabla mwingine hajaomba.

Nje ya Mbagala kulikuwa na Kijiji cha Ujamaa cha Mitondooni. Wanakijiji walichimba mabwawa matatu kwa majembe, msimu mzima, wanawake wakibeba udongo vichwani. Kiongozi wa kikundi cha mabwawa alikuwa Bi. Chausiku, mama wa Kizaramo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Vifaranga walivichukua kwetu. Walipanga kuvua mara ya kwanza Siku ya Saba Saba, ili kijiji kizima kipate kula, na watoto wa shule wapate kitoweo muhula mzima.

Mwezi Machi Bi. Chausiku akaja Mlalakuwa na perege wanne ndani ya jani la mgomba. Wote walikuwa na vidonda vyekundu ubavuni na matumbo yaliyojaa maji. Bwawa la kwanza lilikuwa limeugua, na la pili linafuata. La tatu lilikuwa zima.

Ndugu Apolonia aliwapasua, akaotesha, akampata mkosaji: bakteria mmoja mkali wa majini, ambaye tulikuwa tunamjua kwa ubaya wake. Kumpata hakukusaidia. Afisa aliyekuwa akisimamia mabwawa ya vijiji aliogopa ugonjwa usiingie mtoni, akaamuru mabwawa yote matatu yakaushwe, yamwagiwe chokaa, samaki wazikwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mahali pengine ugonjwa ukimaliza mabwawa kumi, na aliogopa kwa haki.

Tulikwenda Mitondooni kumsikiliza, Daktari, Ndugu Apolonia na mimi. Wanakijiji walikuwa wamekaa chini. Afisa alipomaliza, Bi. Chausiku akainuka.

"Baba, hilo la tatu lina kosa gani?"

"Bado halijaugua, lakini litaugua."

"Basi na mie bado sijafa lakini nitakufa. Mnizike?"

Watu wakacheka, ila kicheko kilikatika upesi. Nilimtazama Ndugu Apolonia. Hakuwa akimsikiliza mtu. Alikuwa ameinuka, anatembea kwenye ukingo wa mabwawa, ameinama kama aliyedondosha sindano. Alipofika mahali maji yanapoingilia akapiga magoti, akapitisha kidole ndani ya bomba, akakitoa. Kidole kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Mabomba haya mmeyatoa wapi?"

Bi. Chausiku akaeleza kwamba waliyang'oa kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Yalitosha mabwawa mawili tu. La tatu waliliwekea mianzi.

Ndugu Apolonia akarudi mkutanoni akiwa amekiinua kile kidole. Huyu ni mwanamke wa darasa la sita, mbele ya afisa, mbele ya Daktari, mbele ya kijiji.

"Ndugu Afisa, naomba siku saba."

"Za nini?"

"Za kukuonyesha kwamba anayewaua samaki hawa analishwa na hili bomba. Nikishindwa, nitakuja mwenyewe na koleo kuwazika."

Afisa akamgeukia Daktari. "Huyu ni nani kwenu?"

Hapo Daktari angeweza kusema ni msaidizi. Angeweza kusema tutalizungumza ofisini. Alisema, "Ndiye aliyenifundisha kazi." Afisa akakuna kidevu, akatoa siku saba, si nane.

Njiani Ndugu Apolonia akatueleza. Yule mkali ni mnyonge wa kulabu. Kwenye bwawa la mianzi chuma ni haba, kwa hiyo bakteria wema walio ndani ya samaki, jamaa za namba kumi na saba, wanakivuta chote, mkali anakufa njaa. Kwenye mabwawa ya mabomba chuma kimezagaa. Wema wamekunja kulabu zao na mkali anakula bure. Daktari akamuuliza amelijuaje. Akajibu, "Si lile bati?" Daktari akasimamisha gari kando ya barabara, akacheka mpaka akafuta machozi.

Lakini kufikiri ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Ilibidi tufuge samaki kwenye vyombo visivyo na chuma, na matangi yetu yote yalikuwa ya bati. Ndugu Apolonia akaenda kwake Mwananyamala akarudi na mabeseni kumi na mawili ya plastiki, yake mawili na kumi ya majirani. Kila beseni likawekwa maji ya bwawa la mianzi na perege watano wazima, na yote yakatiwa yule bakteria mkali kwa kipimo kimoja. Mabeseni sita yakatumbukizwa misumari yenye kutu. Sita yakaachwa.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Siku ya tatu majirani walianza kuja langoni. Mmoja alikuwa na harusi ya binti yake na beseni lake ndilo la kukandia unga. Mlinzi akamwambia beseni liko kwenye utafiti wa taifa. Mama yule akasema taifa limwazime basi sufuria. Ndugu Apolonia akatoka, akamshika mkono, akampa sufuria ya supu ya bakteria iliyosuguliwa ikang'aa, na harusi ikaenda salama.

Siku ya nne asubuhi nilikuta Ndugu Apolonia ameinama juu ya beseni la tatu. Perege mmoja alikuwa na doa jekundu. Lile lilikuwa beseni la misumari. Kufikia siku ya sita mabeseni yote sita ya misumari yalikuwa na samaki wenye vidonda, ishirini na wanne kati ya thelathini. Katika sita yasiyo na misumari aliugua mmoja. Nilipiga kelele. Ndugu Apolonia hakupiga kelele. Alikwenda kukaa dirishani, akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena akaifuta.

Afisa alikuja siku ya saba akahesabu mwenyewe, beseni kwa beseni. Akahesabu mara ya pili. Kisha akavua kofia, akamwambia, "Mama, hongera. Amri nimeifuta." Bwawa la kwanza halikuwa la kuokolewa, likakaushwa. La pili na la tatu yakabaki. Kijiji kiling'oa mabomba kwa siku moja na kuweka mianzi, na kwa wiki kadhaa samaki walilishwa pumba zilizolowekwa na namba kumi na saba. Daktari siku zote huwaonya wageni kwamba bado kuna mengi hatuyajui, na kwamba maji ya kila bwawa yana hesabu yake. Ni kweli. Ila vidonda vilikauka.

Siku ya Saba Saba tulialikwa Mitondooni. Na hapa niwaambie siri ambayo wengi hawaijui: kwa miaka kumi na sita Ndugu Apolonia hakuwa amewahi kula perege. Alisema hawezi kumla mgonjwa wake. Bi. Chausiku akamwekea mbele sahani ya wali na perege mzima wa nazi, akakaa naye mkekani goti kwa goti.

"Kula, dada yangu."

"Mie samaki huyu sili."

"Huyu hakuugua. Huyu ndiye uliyemwombea siku saba. Usipomla wewe, nani atakuwa na haki ya kumla?"

Ndugu Apolonia akamega kipande, akatia mdomoni, akatafuna taratibu kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akamega tena. Alipomaliza, mifupa ilikuwa safi kuliko kisahani chochote alichowahi kuosha, na vigelegele vya siku ile nadhani vilifika Kongowe.

Mengine nitayataja kwa haraka, maana mhariri amenipa kurasa chache. Mwaka 1978 kazi hiyo ilisomwa kwenye mkutano wa wataalamu wa samaki hapa Dar es Salaam, jina lake likiwa la kwanza na la Daktari la pili. Daktari ndiye aliyepanga hivyo, na alipoulizwa akasema anafuata alfabeti. Watu walihesabu herufi vidoleni, K na R, wakakubali. Mgeni mmoja alimuuliza Ndugu Apolonia amesoma chuo gani. Alijibu kwamba amesoma karo la kuoshea vyombo, miaka sita, na Daktari akatafsiri neno kwa neno. Ukumbi ulisimama. Mwaka 1980 wizara ilimpa cheo cha Fundi Mwandamizi, bila kuuliza cheti. Katika miaka hii ya foleni na uhaba, sabuni ilipokosekana alitufundisha kusugua visahani kwa majivu, na hatukupoteza otesho hata moja. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, ambao leo wako Mwanza, Kigoma, Morogoro na kwingineko.

Kasoro? Zipo. Hamruhusu mtu kupiga mluzi maabara. Alimfukuza Mkurugenzi mara mbili kwa kuingia na viatu vyenye tope. Akikuta tarehe haikuandikwa kwenye kisahani anakirudisha kwa mwenyewe akisema hiki hakina siku ya kuzaliwa, kikabatizwe upya. Na akiwa na furaha huimba nyimbo za kanisani kwa Kimatengo, kwa sauti isiyofuata noti yoyote inayojulikana. Mwezi huu ameimba kila siku.

Kamati ya sherehe ilimuuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumefikiria saa ya ukutani au redio. Alisema ukuta wake una saa tayari na redio inamsumbua. Alitaka vifaranga mia mbili vya perege. Kumbe mwanawe mkubwa, Albano, ana kiwanja bondeni Mabibo, na mama na mwana wamekuwa wakichimba bwawa kila Jumapili baada ya misa tangu Januari, bila kutuambia neno. Ijumaa hii tulimpelekea vifaranga vyake, wafanyakazi wote, hata mlinzi. Aliingia bwawani mpaka magotini akiwa amekunja kitenge, akatupokea ndoo moja moja, na kila aliyemwaga aliambiwa amwage polepole. Tulipomaliza hakutushukuru. Alisimama majini akiwatazama wakisambaa, akasema, "Haya, nendeni nyie mkafanye kazi. Hawa nitawatazama mie."

Ndugu Apolonia, kazi tutafanya, na tarehe tutaandika. Asante kwa macho yako, kwa siku zako saba, kwa ukali wako uliotunyoosha. Mungu akupe afya, wajukuu wenye kelele na maji yasiyokauka. Tunakutakia kila jema katika mapumziko yako, na Jumapili tukija Mabibo tutavua viatu kabla hujasema.

Demetria Massawe
Fundi wa Maabara, kwa niaba ya wafanyakazi wote